Radhi kwa Pikipiki Isiyo na Breki

Wadi Kabir, Muscat
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Kabla ya salamu, ujue kwanza nani anakuandikia. Anakuandikia mtu ambaye akishikwa na mafua siku mbili, nusu ya magari ya Muscat hayatembei. Watu wanadhani mandub wa gereji ni mtu wa kupeleka karatasi wizarani na kurudi na muhuri, basi. Hawajui. Mie nikiingia afisi yoyote ya serikali na faili langu kwapani, wakubwa wanasimama. Wengine wanasimama wakaondoka, lakini kusimama wanasimama. Na skuli yenyewe niliishia darasa la sita, kwa sababu mwalimu alinambia, "Bakhit, sina tena la kukufundisha." Alikuwa analia.

Haya, assalaam aleikum. Sisi wazima, joto tu limeshaanza kutuchoma.

Nimeiona video ya mbio zako za mwezi uliopita. Wambui, yule binti wa Kikenya wa duka la kutoa kopi za karatasi lililoungana na gereji yetu, alinifungulia kwenye kompyuta yake. Nikaita watu. Mafundi wakaacha magari juu ya jeki wakaja. Nikawaeleza: "Nyinyi mnaona vumbi, mie nnaona elimu. Pikipiki nne, mizunguko minne, kiwanja cha duara, wote wanakata kushoto tu. Gia moja. Breki hakuna hata ya kuombea dua. Yule mwenye kofia nyekundu, anayekwenda ubavu kama anataka kulala, ni mwana wa dadangu." Fundi mmoja akauliza, "Sasa anasimama vipi?" Nikamwambia, "Hasimami. Ukoo wetu hatusimami."

Ulipompita yule wa kofia ya bluu kwa nje, mguu wa kushoto umeuburura chini na kile kiatu cha chuma, nikaiona nafsi yangu ya ujana. Mwaka themanini na tisa nilishindana na ndege iliyokuwa inatua Seeb, mie barabarani juu ya pikipiki, yenyewe hewani. Rubani akanipigia honi. Lakini hayo nilikwisha kukuhadithia.

Sasa sikiliza jambo la maana. Usinitumie tena ujumbe wa sauti. Juzi tumekaa Sidab kwa mama yako tunakunywa chai, simu yangu juu ya meza. Nambari yake ya siri anaijua kwa sababu yeye ndiye aliyeniwekea. Akabonyeza. Ikatoka sauti yako: "Mjomba, nimeanguka lakini nimemaliza wa pili!" Nikasema ni mashindano ya chuo ya kupanda ngazi. Akanitazama kwa ile miwani yake ya kusahihishia hisabati, na mie jasho linanitoka chini ya kiyoyozi.

Kwa hiyo tutaandikiana barua kama watu wa zamani. Mie nnaandika karatasini, Wambui anaipiga picha kwa simu yake anakutumia. Zako anazichapa ananipa mkononi. Mama yako bado anajua uko chuoni Poland unasomea uhandisi. Kwamba umeyaahirisha masomo mwaka mzima upande pikipiki, tunajua wewe, mie na Mwenyezi Mungu. Na Wambui. Na mafundi. Lakini Sidab hawajui.

Endelea kuwapita.

Mjomba wako,
Bakhit

*

Poland
Ijumaa, 16 Mei 2025

Mjomba wangu,

Aleikum salaam. Barua yako nimeisoma ndani ya gari la timu, nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Video uliyoiona ilikuwa siku yangu nzuri, na siku nzuri ni hiyo moja tu. Katika mechi nne zilizofuata nimeanguka mara tatu. Bega la kushoto limefungwa bendeji. Jumanne kocha ameniita. Timu imebakiwa na nafasi moja, na wanaoitaka ni wawili, mimi na kijana mmoja wa Kidenishi. Ataamua baada ya mechi ya Jumapili, tarehe 22 Juni. Nisipofanya vizuri siku hiyo, mkataba wangu umekwisha, narudi nyumbani.

Fundi wangu ameikagua injini, tairi, fremu, haoni kosa. Kosa nalijua mimi. Tunajipanga wanne nyuma ya tepe, injini zinanguruma, tunangoja tepe ziruke juu tuondoke. Sekunde ile hutakiwi uwe na fikra hata moja. Mimi kila mara namuona Mama yuko barazani anawaambia majirani kwamba mwanawe anajifunza kujenga madaraja. Tepe zinaruka, mimi bado niko barazani. Naingia kona ya kwanza nimechelewa, nalazimisha, naanguka.

Mjomba, sina radhi ya Mama. Tangu nizaliwe sijaenda mahali, hata mtihani wa skuli, bila ya kumbusu mkono naye kusema "Mungu akuradhie." Hapa napanda chombo kisicho na breki na yeye hajui. Nakuomba uende wewe mwenyewe umweleze yote: masomo, pikipiki, kuanguka. Uniombee radhi yake. Akikataa nitakubali, nitarudi. Ila tarehe 22 sitopanda bila ya neno la Mama, hata kocha akinifukuza palepale. Mimi kumpigia sithubutu. Nikiisikia sauti yake nitasema uongo mwengine juu ya ule wa kwanza.

Mwanao,
Yaqdhan

*

Wadi Kabir
Jumatano, 21 Mei 2025

Mwanangu,

Radhi unayo. Ningeweza kuishia hapo, lakini utataka kujua ilivyopatikana.

Nilikwenda Sidab na kilo mbili za halwa ya zafarani. Nikamkalisha mama yako, nikamwambia, "Dada Masouda, leo nnazungumza kama mwanamme wa ukoo." Nikamweleza yote, bila ya kuacha hata nukta. Akalia. Kisha akacheka. Kisha akalia tena, akanishika mkono akasema, "Bakhit, pasingekuwa na wewe, sisi tungekuwa wapi?" Nikamwambia, hilo usiniulize mie, waulize wizarani.

Halafu akainua mikono. Maneno yake haya nimeyashika neno kwa neno, na kwa haya nnakula kiapo: "Mungu amradhie mwanangu Yaqdhan kwa kila alifanyalo huko aliko, amfungulie, amvushe salama." Umesikia? Kwa kila alifanyalo. Hakubakisha kitu.

Kasema usimpigie, ana haya ya kulia kwenye simu. Wewe panda tu. Na huyo Mdenishi mwambie ajitafutie kazi ya mikate.

Mjomba wako,
Bakhit

*

Poland
Jumanne, 3 Juni 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Sijui nikushukuru vipi. Mechi mbili tangu barua yako ifike, na sijaanguka hata mara moja. Jumapili nimeshinda mbio tatu katika tano. Huyo Mdenishi nimemwacha nyuma mara mbili.

Nataka nikwambie ilivyo, maana wewe utafahamu. Zamani nilikuwa naingia kona kwa mabavu. Sasa tepe zikiruka kichwa kitupu, kimya, kama nyumba iliyokwisha kufagiliwa. Nainyima pikipiki mafuta kidogo, nageuza mpini upande wa kulia, gurudumu la nyuma linatoka lenyewe, linateleza, na mimi naifuata kushoto juu ya kiatu cha chuma. Mchanga unarushwa juu, unaanguka juu ya kofia kama mvua. Mahali hapo pa kuteleza hakuna kuogopa wala kutoogopa. Kuna kuifuata tu. Nikitoka kona nikiona mbele yangu uwazi wa kiwanja, hakuna mgongo wa mtu, nasema alhamdulillahi na jina la Mama.

Ijumaa ni Idi. Nikishatoka msikitini nitampigia nimshukuru mwenyewe. Najua ulisema ana haya ya kulia. Lakini mtu hawezi kuiacha Idi ipite bila ya kumwamkia mamake, na akilia tutalia wote.

Mwanao,
Yaqdhan

*

Wadi Kabir
Jumatano, 4 Juni 2025, alasiri

Yaqdhan,

USIMPIGIE. Idi nilikuwa nimeisahau kabisa. Simu ya mama yako imetumbukia ndani ya sufuria ya pilau. Na koo lake linamuuma. Na mtandao wa Sidab umekatika, wanasema waya umeliwa na samaki. Ukiona huwezi kujizuia, basi mwambie "Idi njema" ukate. Neno radhi usilitaje. Kutaja radhi kwenye simu si adabu, nimeuliza watu.

Duka la Wambui nimelikuta limefungwa. Nnaisukuma barua hii chini ya mlango.

Bakhit

Jumanne, 10 Juni

Yaqdhan, sasa? Ni mimi Wambui. Hii barua nimeikanyaga leo asubuhi nikifungua duka. Si tulifunga Jumatano saa saba, bosi akasema khalas, sikukuu, tukutane Jumanne. Mzee huwa ananiambia nipige picha bila kusoma. Mimi husoma zote, pole. Naona hii imechelewa kidogo. Mama yako amekuja gereji saa mbili akimtafuta. Mzee aliona gari lake kutoka mbali akasema ameitwa wizarani haraka. Sijawahi kuona mtu akikimbia kwenda wizarani. Idi njema ya kuchelewa.

*

Sidab
Jumanne, 10 Juni 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Tangu uliponipigia Ijumaa sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na ghadhabu, na miaka thelathini ya ualimu sikusahihisha daftari la mtu nikiwa na ghadhabu.

Uliniambia, "Mama, ahsante kwa radhi, tangu unipe sijaanguka." Nikauliza, kuanguka wapi? Halafu ukanieleza yote kutoka mwanzo. Kwa hilo nakusifu. Ulipoulizwa hukuongeza uongo.

Mjomba wako alikuja kwangu mwezi wa Mei na robo kilo ya halwa. Akasema una mitihani migumu, nikuombee. Akanifundisha na maneno ya kusema. Nikasema. Nilikuwa naomba kwa ajili ya mitihani. Radhi ya mama si fomu ya wizara, igongwe muhuri tupu kisha mtu aende akaijaze mwenyewe njiani.

Sijakulaani na sitokulaani. Lakini kwa hiyo Jumapili ya tarehe 22 huna neno langu. Kama ulivyosema mwenyewe kwamba hupandi bila ya radhi, basi usipande mpaka nikujulishe. Kwanza nitakwenda nikaione hiyo pikipiki uliyojifunzia, ambayo naambiwa miaka yote ilikuwa Wadi Kabir chini ya turubai, na mimi napita hapo kila wiki.

Mama yako,
Masouda

*

Poland
Jumatano, 11 Juni 2025

Mjomba,

Nakuheshimu kama baba, kwa hiyo naandika kidogo. Ulikula kiapo. Nimeshinda mbio tatu kwa radhi ya mtihani ambao sikuufanya. Leo nimemwambia kocha kwamba huenda tarehe 22 nisipande. Akaniuliza ninaumwa wapi. Mdenishi ameshaanza kufanya mazoezi na pikipiki mbili.

Yaqdhan

*

Wadi Kabir
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Umeghadhibika na una haki. Nisikilize lakini.

Miaka ishirini nnafanya kazi ya karatasi. Mtu akitaka leseni ya kuuza mikate nnamwambia asiandike "mikate", aandike "biashara ya jumla", ili kesho akitaka kuuza tairi asirudi kupanga foleni. Nikafikiri radhi ni hivyo hivyo. Nikisema "pikipiki", Dada atakataa. Nikisema "mitihani", halafu yeye mwenyewe akatamka "kwa kila alifanyalo", basi pikipiki imo ndani. Maneno yale kayasema kweli, kiapo changu safi. Ya kulia na kucheka niliyatia mie. Na halwa ilikuwa robo.

Sasa, leo kaja. Kaendesha mwenyewe. Aliposhuka mafundi wakazima redio bila ya kuambiwa. Tukaifunua turubai. Pikipiki yako ile ile, aliyotuachia Mwingereza mmoja wa kampuni ya mafuta, uliyokuwa ukiichosha kwenye kiwanja cha vumbi cha Amerat. Akaizunguka. Akainama. Akanusa.

"Inanuka spiriti."

"Ndiyo mafuta yake, Dada. Si ya kunywa."

"Nani kasema ya kunywa? Iwashe."

Nikamwambia ufunguo umepotea.

Wambui, ambaye hakualikwa na mtu, kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema, "Mama, hii haina ufunguo. Inasukumwa ndiyo iwake."

"Bakhit," akasema mama yako, "umepotea ufunguo gani?"

"Wa stoo," nikasema.

"Breki iko wapi?"

Hapo nilikuwa nimejitayarisha. "Iko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya moyo, Dada."

Fundi mmoja akakohoa. Nnamjua, nitamshughulikia. Wambui akaweka kikombe chini. "Mama, breki hakuna. Yaqdhan ameeleza kwa barua, mengine nimesoma mtandaoni. Wako wanne wamebanana kwenye kona. Wa mbele akishika breki ghafla, wa nyuma anampanda mgongoni. Ndiyo maana hakuna aliye nayo. Wakitaka kupunguza mwendo wanailaza, gurudumu la nyuma linateleza ubavu."

"Unamwandikia mwanangu?"

"Hapana, mama. Mimi hupiga picha tu."

Mama yako akachukua chaki ya mafundi, akapiga magoti pale sakafuni na abaya yake, kwenye mafuta, akachora duara refu kama yai. Akamuuliza Wambui wanaanzia wapi, wanakata wapi. Akachora gurudumu la mbele, akachora la nyuma. "Kwa hiyo mpini unaelekea kulia, na yeye anakwenda kushoto."

"Hivyo hivyo, mama."

Akalifuata lile duara kwa kidole mpaka mwisho. Sisi wanaume tisa tumesimama kama watoto waliofeli. Akasema, "Hesabu yake sahihi."

Kisha akanyanyuka, akaweka mkono juu ya kiti cha pikipiki, pale ngozi ilipochakaa upande mmoja kwa sababu ulikuwa ukikaa upande. Halafu akasema, na hakunitazama mie: "Hichi chombo hakijanidanganya. Hakina breki na hakijifichi. Waliojificha ni nyinyi wawili."

Akaondoka, chai hakunywa. Neno halijatoka. Nilitaka kumkimbilia barabarani nimuombe, na wallahi nilimkimbilia, mpaka kwenye taa za Ruwi. Taa zikawaka kijani.

Zimebaki siku nane. Mie na karatasi zangu zote sina afisi ya kwenda kwa jambo hili. Nisamehe.

Mjomba wako,
Bakhit

*

Sidab
Jumatano, 18 Juni 2025

Mwanangu Yaqdhan,

Nimesoma. Kwa siku nne nimeusoma mchezo wako kuliko ulivyousoma wewe uhandisi mwaka huu. Nimejua kwamba wanavunjika, na nimejua wanavunjika nini. Nimejua pia kwamba msimu wenu unamalizika Oktoba, na chuo chako kinafunguliwa Oktoba. Basi Oktoba utarudi darasani, na mwakani utayafanya yote mawili, au utaniambia kwa mdomo wako kwa nini huwezi. Hilo si sharti la radhi. Radhi haina sharti. Hilo ni agizo la mama, ni jambo mbali.

Niliporudi kutoka Wadi Kabir nilijiuliza nimeghadhibika kwa nini. Si kwa pikipiki. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akizamia chini kwa pumzi zake tu pale mawe ya Qantab, na mimi nakaa ufukweni namhesabia. Nilijua yuko wapi. Nikifika sitini namuona kichwa. Wewe mwaka mzima ulikuwa chini, na mimi sikujua kama nianze kuhesabu.

Basi sikiliza, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu ili asije mtu akanijazia. Mungu akuradhie, mwanangu, kwa mbio zako za Jumapili tarehe 22 Juni. Akuradhie juu ya pikipiki isiyo na breki. Akuradhie unapokata kushoto na mpini uko kulia. Panda.

Nitakutazama mwenyewe. Nimemwambia yule binti wa Kikenya aje anifungulie. Ukianguka nataka nikuone ukianguka, na ukinyanyuka nataka nikuone.

Nimekunyooshea mkono. Ubusu huko huko.

Mama yako,
Masouda

*

Wadi Kabir
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mwanangu, simba wa duara, Yaqdhan,

Asubuhi Wambui kanifungulia ujumbe wako: nafasi ni yako, kocha katia saini. Nilitoka nje nikawatangazia Wadi Kabir nzima. Basi moja dogo lilisimama katikati ya njia abiria wasikie. Yule fundi aliyekohoa nimemsamehe.

Sasa nikuhadithie jana ilivyoonekana huku, maana wewe ulikuwa ndani ya vumbi hukuona.

Saa kumi za jioni, Sidab, sebule imejaa. Majirani ambao mwaka mzima walihadithiwa madaraja wamekuja kuona pikipiki. Wambui kaunganisha kompyuta na televisheni. Mama yako kwenye kiti kigumu, miwani usoni, daftari mapajani. Mie nimekaa mbele kabisa, kama mtaalamu.

Mbio za kwanza ukawa wa tatu. Mama yako akaandika. Za pili ukashinda. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Za tatu yule wa kofia ya njano akakugusa kwenye kona ukayumba, gurudumu la mbele likanyanyuka, sebule nzima ikasema "Yallah!", lakini ukairudisha chini kwa goti, ukamaliza wa pili. Za nne kocha akamweka Mdenishi, naye akawa wa mwisho. Masikini, nilimhurumia.

Halafu za mwisho. Timu mbili zina pointi sawa sawa, na kocha akakuchagua wewe. Ukapewa mahali pa nje kabisa, pabaya. Tepe zikaruka, ukatoka wa mwisho. Wa mwisho, Yaqdhan! Mzunguko wa kwanza wa mwisho, wa pili wa mwisho. Wao watatu wamekumbatia upande wa ndani, njia fupi. Wewe ukaenda nje kabisa, karibu na ukuta, mahali ambapo mchanga umerundikana na hapana mtu anayepataka. Njia ndefu zaidi, lakini tairi linashika. Ukaifungua injini mapema, kabla kona haijaisha, na pikipiki imelala kiasi cha nyuzi thelathini na tano kutoka ardhini. Ukampita mmoja mzunguko wa tatu. Wa pili ukampita kona ya mwisho kabisa, kwa nusu ya gurudumu. Wa mbele hukumpata, lakini yule alikuwa mwenzio, kwa hiyo timu yenu ikashinda. Ulipovua kofia uso wote mweusi kwa mchanga, meno tu, ukabusu kiganja chako cha kulia ukakiinua kwenye kamera. Mama yako akasimama. Daftari likaanguka. Akasema, "Sitini."

Nimewaona wakubwa wengi maishani mwangu, nimekaa nao, nimewapokea viwanja vya ndege. Hakuna mmoja aliyepata kunifanya nijione mdogo nikafurahi. Jana nilijiona mdogo, na nimelala usingizi mzuri.

Lakini mama yako kasema kufichana kumekwisha katika nyumba hii, na ninavyoandika kasimama nyuma ya kiti changu. Basi nnaandika. Video za zamani nnaziangalia bila ya taabu, maana najua umeshatoka mzima. Jana ilikuwa papo hapo. Ulipojipanga kwenye tepe mara ya kwanza nikaomba udhuru, nikaingia chooni nikajifungia, nikafungua bomba nisisikie kitu. Sikutoka mpaka mechi ilipokwisha. Haya yote niliyokuandikia, pamoja na nyuzi thelathini na tano, nilihadithiwa na mama yako kila mbio zikiisha, kwa kupiga kelele kulishinda bomba, kupitia mlango wa choo.

Mjomba wako,
Bakhit